Aliyeitikia Namba Tatu

3 Machi
Daktari wa hospitali ya jeshi amenipa vitu viwili: vidonge vya usingizi na daftari hili. "Andika, sajenti, hata mstari mmoja kwa siku. Usiyameze yote." Sikio la kushoto limekufa, hilo ameniambia bila kupepesa macho. La kulia linasikia, ila halitambui sauti inatoka upande gani wala ni ya nani. Miaka kumi na tisa nimesimama ubavuni mwa mzinga, nilitegemea nini?

5 Machi
Nimerudi kikosini nikakuta mzinga wangu umenyang'anywa watu. Wahandisi wameupachika mkono wa chuma wa kupakia makombora, injini za kugeuza mtutu, na kamera mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Waya mnene umefukiwa ardhini mita mia nane mpaka kwenye handaki la zege, na humo ndimo tutakamokaa, tunapiga mzinga kwa vitufe kama watu wanaobadilisha chaneli za televisheni. Zamani tulikuwa sita. Sasa wanatakiwa watatu, na mimi mkuu wao.

Mhandisi, bwana mmoja mwenye miwani na viatu visivyofaa matope, alinizungusha kunionyesha. "Sasa adui akipiga, anapiga chuma," alisema. "Chuma kinatengenezwa kingine."

Nikamuuliza mwaka jana alikuwa wapi na akili zote hizo. Aliinamisha kichwa, nami nikaona haya. Hakuwa na kosa.

Mwaka jana kombora la adui lilimkuta Msumari amekumbatia kombora letu. Msumari alikuwa namba tatu wangu, mtu mwembamba, mcheshi, mdeni wa sigara kwa kila mtu. Sitaandika zaidi ya hapo.

6 Machi
Waliobaki na mimi ni Babu na Koplo. Babu ana miaka thelathini na sita, ila kichwa chake hakina unywele hata wa dawa, ndiyo sababu ya jina. Koplo ni mwanamke wa maneno machache na herufi nzuri. Amesomea mitambo hii miezi minne, na sasa ananisahihisha mbele za watu. Simpendi sana leo.

8 Machi
Mvua imeanza. Mazoezi.

Nieleze hesabu, maana mhandisi leo ameishangaa. Zamani, kabla ya kila kombora, nilipiga kelele "Hesabu!" na kila mtu akaitikia namba yake akishafika nyuma ya mifuko ya mchanga. Babu "Moja!", Koplo "Mbili!", Msumari "Tatu!", na kuendelea. Mzinga ukifyatuka unarudi nyuma kwa nguvu ya kumvunja ng'ombe, kwa hiyo namba moja ikikosekana, hapigi mtu. Msumari alipokufa tulipiga siku iliyofuata, nikaita hesabu, na baada ya "Mbili!" pakawa na shimo. Siku hiyo Babu na Koplo waliitikia "Tatu!" kwa pamoja, kwa niaba yake, na hawajaacha tangu hapo. Sikuwaamuru na sikuwakataza.

Leo ndani ya handaki wameitikia vilevile. Mhandisi akauliza kwa nini tunahesabiana na wote tumekaa chumba kimoja, tunaonana.

"Kwani wewe kwenu hamsalimiani?" Babu akamjibu.

9 Machi
Mhandisi ameondoka. Ametuachia sheria moja ambayo aliirudia mpaka nikataka kumfunga mdomo kwa kitambaa: anayekwenda kwenye mzinga, kwa lolote lile, anachomoa ufunguo kwenye meza ya vitufe na kutembea nao mfukoni. Bila ufunguo, kitufe cha kufyatulia ni pambo. Ufunguo wa pili anao Kapteni, kwenye sanduku lake la chuma.

12 Machi
Dada amepiga simu. Mume wake ni dereva wa lori la makombora, anatuletea sisi na wenzetu. Mwezi huu malori mawili yamelipuliwa barabarani.

"Kaka, mtoe kwenye lile lori."

"Mimi si jenerali, dada."

"Wewe ni kaka yangu. Nasikia siku hizi nyinyi mnapiga mkiwa mmejificha. Basi si umchukue akajifiche na wewe?"

Sijawahi kumsikia akiomba kitu. Hata alipokuwa mdogo, aliiba tu kisha akakiri. Nikamwambia nitajaribu. Sauti ikafifia ghafla, nikajua analia na ameuziba mdomo wa simu kwa kiganja.

14 Machi
Nimempaka Kapteni mafuta kwa mgongo wa chupa kwa nusu saa nzima. Kapteni ni mtu wa kufoka. Hajui kuongea, anajua kubweka. Mwishowe: "Mchukue huyo shemeji yako, lakini akinizingua, mtalala naye kwenye matope." Nimempigia dada. Amesema asante mara tano. Nimezihesabu.

19 Machi
Shemeji amefika, begi moja na ndoo mbili za kuoshea gari. Nikamuuliza ndoo za nini na hana tena gari. "Shem, mzinga nao una magurudumu," akasema, na kufikia jioni alikuwa ameyaosha yote mawili. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akilisugua lori kila siku kwa sabuni, lori la kwenda kupakwa tope tena kesho yake. Dada hulalamika kwamba nyumbani anakunja hata matambara ya jikoni.

Ameweka sheria yake pia: hakuna buti la tope kuingia handakini. Kwenye kijia cha kuingilia, baada ya kona, amepanga kandambili jozi nne, na tunavua hapo. Babu alicheka mpaka akakohoa. Kufikia usiku wote tulikuwa na kandambili.

20 Machi
Hesabu ya kwanza na Shemeji. Nilimpa namba tatu, ndiyo nafasi iliyo wazi. Alikataa kwa upole. "Shem, namba ya mtu siichukui watu wakiwa bado wanaililia. Mimi nitasema tu 'Nipo'."

Basi ikawa: Moja! Mbili! Tatu! (wale wawili pamoja), halafu sauti yake mwishoni: Nipo! Koplo aligeukia skrini haraka. Nadhani alikuwa anajifuta macho.

23 Machi
Mvua. Makombora ishirini na mawili. Adui alijibu, yakatua yote kuuzunguka mzinga, na sisi mita mia nane nyuma tumeshika vikombe vya chai. Chai haikumwagika. Babu alitazama ile picha ya moshi kwenye skrini, akasema taratibu, "Msumari angekuwa hapa leo angekuwa anakunywa chai."

Namwomba radhi mhandisi, popote alipo.

28 Machi
Mvua. Hakuna kitu.

29 Machi
Mvua.

1 Aprili
Kasoro ya huu mtambo wa maajabu ni tope. Mzinga ukifyatuka, ardhi iliyolowa inaruka na kupaka kioo cha kamera, na mkono wa chuma unakwama kwa uchafu. Kila siku lazima mtu akaufute. Yaani tumetolewa kwenye mzinga ili tusife, halafu tunarudi kwenye mzinga na kitambaa. Shemeji anajitolea kila mara, na kwa kweli hatugombanii. Anachomoa ufunguo, anaupiga busu, anaweka mfukoni, anaenda. Akifika anatupigia kwa simu ya waya iliyofungwa kwenye nguzo karibu na mzinga: "Nimefika." Akimaliza: "Nimemaliza, narudi." Anatembea dakika kumi, hata kumi na mbili kukiwa na tope.

4 Aprili
Siku mbaya. Shemeji aliteleza njiani akirudi, ufunguo ukamtoka, ukazama. Wakati huohuo askari wa miguu waliomba msaada, na sisi hatuna la kufanya, tumekaa mbele ya kitufe cha pambo. Ufunguo wa pili ulikuwa kwa Kapteni, na Kapteni alikuwa mkutanoni. Saa mbili nzima. Askari wa miguu walipoteza watu. Sijui wangapi, na sijauliza.

Kapteni alikuja mwenyewe. Nilitegemea abweke, lakini aliongea chini kwa chini, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akauchomeka ule ufunguo wa pili mezani kwa mkono wake. "Huu hautoki hapa. Sitaki tena kusikia mzinga wangu umenyamaza kwa sababu ya kipande cha chuma."

Koplo akasema, "Afande, sheria inasema anayetoka..."

"Sheria haikuwa kwenye redio ikiwasikia wale watu wakipiga kelele."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimewasikia hao watu pia.

5 Aprili
Shemeji hakula. Anasema kama angekuwa bado na lori lake, wale watu wangekuwa hai. Nikamwambia angekuwa na lori lake, angekufa yeye. "Basi hesabu ingekuwa nafuu," akajibu. Nilimkaripia. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliogopa kwa ajili ya mtu mzima namna hii.

9 Aprili
Kamera ya nyuma imeingia maji, imekufa. Koplo ameomba nyingine kwa maandishi.

Sasa tunaona mbele tu. Hatuna jicho la kuona nyuma ya mzinga wala ubavuni.

11 Aprili
Leo nimefanya jambo ambalo niliona ni la busara. Kesho wanakuja wakubwa kukagua, na hesabu yenye marehemu ndani yake haitaeleweka. Pia niliona imetosha. Nikawakalisha, nikasema Msumari tumpumzishe. Kuanzia leo tatu ni ya Shemeji.

Babu alichukua muda kukubali. Koplo akasema, "Ni sawa, sajenti. Hata mama yake amepunguza kulia." Shemeji akasimama, akavua kofia, kama anaapishwa. Nikaita hesabu. Moja. Mbili. Na yeye peke yake: Tatu!

Tulipiga makofi. Nilijisikia mwepesi.

15 Aprili
Midomo haifundishiki upesi. Shemeji akichelewa kidogo, Babu anaitikia "Tatu!" kabla yake, halafu anajishika mdomo, na wote tunacheka. Leo Shemeji aliitikia kutoka kule kijiani, bado anavua buti, na Babu aliitikia humu ndani wakati huohuo. "Nina kivuli kinachoongea," Shemeji akasema akiingia na kandambili zake. Sikio langu lilisikia tatu moja tu.

18 Aprili
Koplo ameandika barua ya pili ya kamera. Nimeisaini bila kuisoma, maana nimeanza kumwamini kwa kila kitu. Nilimdharau bure. Ndiye mtu pekee hapa anayefikiria jambo kabla halijatokea.

22 Aprili
Dada amepiga simu. Anashona sare za shule, kazi zimemzidi, anacheka. Binti yao amekuwa wa pili darasani. Aliongea na mumewe, kisha akaomba nipewe simu mimi. "Kaka, siku hizi nalala. Hujui. Nalala mpaka kunakucha."

26 Aprili
Mvua. Koplo: barua ya tatu.

30 Aprili
Mvua.

2 Mei
Shemeji ameenda leo kufuta kioo. Nilimwona anatoka, nikamwona anaitazama meza, ufunguo umechomekwa, akaupapasa kwa kidole na kuuacha. Tangu siku ile ya Kapteni hakuna anayeuchomoa. Nilimwona na sikusema kitu.

6 Mei
Nimetoka hospitali ndogo ya kikosi, walikonilaza kwa mshtuko, nimepewa kalamu. Naandika yote mara moja, nisije nikaanza kuyapaka rangi.

Ilikuwa tarehe 3, asubuhi, saa nne kasoro. Mvua ilikuwa imepungua. Tulikuwa tumepiga makombora sita, kioo cha kamera kikawa tope tupu. Shemeji alichukua ndoo na kitambaa. Babu akamwambia, "Kakioshe vizuri, mama mkwe wako anakuja kukagua." Akaenda. Ufunguo ulibaki mezani.

Alipiga simu: "Nimefika." Baadaye kidogo picha ikarudi kwenye skrini, safi, tukaona miti na ukungu. Simu ikalia tena: "Nimemaliza, narudi." Niliipokea mimi. Nikamwambia aje, chai iko tayari.

Dakika kama tisa baadaye redio ikapasuka. Askari wa miguu walikuwa wamebanwa kwenye korongo, adui yuko juu yao, wanataka makombora mara moja. Sauti ya yule mtu sitaisahau. Alikuwa hasemi maneno ya kijeshi tena, anasema tu "jamani, jamani." Koplo akaingiza vipimo. Nikaangalia saa ya ukutani: dakika kumi na moja tangu Shemeji aseme narudi. Kwa mwendo wake alikuwa ameshafika kijiani.

Nikaita hesabu. Nasema kweli, niliiita.

Moja. Mbili. Tatu.

Nilisikia tatu. Kwa sikio langu ilitoka popote, ikawa ya yeyote, na akilini mwangu ilitoka kijiani, kwa mtu anayevua buti. Nikabonyeza. Mtutu ukageuka kushoto kwa kasi kama tulivyouamuru, ukafyatuka. Mara tatu.

Redio ikasema tumewapiga pale pale. Watu wa korongoni walikuwa wanatoka. Mtu alikuwa anacheka na kulia redioni, anatubariki sisi na wazazi wetu.

Koplo ndiye aliyevua vifaa vya masikioni, akasema, "Shemeji mbona haingii?"

Nilikwenda kijiani. Buti zake hazikuwapo. Kandambili zake zilikuwa zimekaa palepale zilipo siku zote, zimepangwa sawasawa, vidole vikitazama ndani.

Nilikimbia mita mia nane kwa kandambili zangu, zikanipotea kwenye tope, nikafika miguu mitupu. Alikuwa ubavuni mwa mzinga, upande ule ambako makalio ya mzinga yalipita mtutu ulipogeuka. Ndoo ilikuwa imejaa maji safi. Alikuwa amemaliza kioo, akasema anarudi, halafu inaonekana aliona tope kwenye magurudumu. Alirudi kuosha magurudumu.

Alikuwa hai kidogo. Hakuniambia kitu, alinitazama tu. Sijui kama alijua ni mimi. Nilimshika mpaka akaisha.

7 Mei
Babu hali chakula. Anakaa chini ameegemea ukuta, anajipiga mdomoni kwa kiganja, taratibu, kama anayemtuliza mtoto. "Ni mdomo huu," anasema. "Ulitoka wenyewe. Sikuuambia." Koplo naye anasema aliitikia, kwamba waliitikia wote wawili, kama zamani, kwa sababu ya ile sauti ya redioni, waliogopa, na walipoogopa wakarudi kwenye mazoea.

Nikamwambia Babu mdomo wake haukubonyeza kitu.

8 Mei
Kapteni amekuja. Alikaa kwenye kiti cha Shemeji bila kujua, akainuka nilipomwambia, akakaa sakafuni. Sijawahi kumwona akikaa sakafuni.

Akanisomea ripoti. Shambulio la adui, saa nne asubuhi, askari mmoja ameuawa akiwa kazini kwa ujasiri. "Nimeshaituma," akasema. "Sikufanya hivi kwa ajili yako, sajenti. Mimi ndiye niliyeuchomeka ule ufunguo. Lakini fikiria. Tukisema kweli, Babu anafungwa, Koplo anafungwa, na watoto wa yule bwana watakua wakijua baba yao aliuawa na mjomba wao. Nani anafaidika?"

Nimezoea kumchukia huyu mtu, na leo nimeona uso wake umevimba kwa kulia.

"Usiseme," akaniambia mlangoni. Hakuamuru. Aliomba.

11 Mei
Tumemzika. Nilivaa sare. Ripoti ilisomwa mbele ya watu, neno kwa neno, na watu wakaguna kwa heshima. Mimi ndiye niliyemshika dada asianguke.

Baadaye alinivuta kando, akanishika mikono yote miwili. "Asante kaka," akasema. "Najua ulifanya uwezavyo. Afadhali alikuwa na wewe. Kule kwenye lori angekufa na watu asiowajua."

Nilijikaza kisabuni. Nikasema, "Pole, dada." Ndilo neno nililolipata.

14 Mei
Kikosini. Kamera ya nyuma imeletwa. Iko kwenye boksi, na maelekezo yake kwenye karatasi nzuri. Koplo ameifunga mwenyewe.

17 Mei
Tumepewa mtu mpya, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa stoo. Nimefuta hesabu za kuitikia kwa mdomo. Kila mtu anaweka kitambulisho chake mezani mbele yangu, nakiona kwa macho, ndipo nabonyeza. Ufunguo unachomolewa. Kapteni aliona, akapita zake.

20 Mei
Mvua zinaelekea kuisha. Askari wa miguu wawili wametutembelea kutoka korongoni, wametuletea begi la matunda. Mmoja alitaka kumshika mkono kila mtu aliyekuwa kazini siku ile. Babu alitoka nje. Mimi nilimpa mkono. Alikuwa na kiganja cha joto, mtu hai kabisa, na nikajikuta nafurahi kwamba yuko hai, na nikachukia kwamba nafurahi.

23 Mei
Dada amepiga. Anataka kujua maneno yake ya mwisho. Nikamwambia hakuongea. Hilo ni kweli. Akauliza alikuwa anafanya nini muda ule. Nikamwambia anaosha. Akacheka, halafu akalia. "Bila shaka," akasema. "Bila shaka alikuwa anaosha." Na tena: "Asante, kaka."

Siwezi kuipokea hiyo asante mara nyingine.

24 Mei
Nimewaambia Babu na Koplo. Nilisema nitakwenda kwa dada, nitasema ni mimi niliyebonyeza, na hilo tu. Nani aliitikia sitasema. Babu akasema, "Sema yote, sajenti. Mimi mwenyewe sina raha ya kufichwa." Koplo akauliza kama nimefikiria watoto. Nimefikiria. Kisha akanikunjia sare yangu, bila kuombwa, akaiweka kwenye begi.

Kapteni amenisainia ruhusa ya siku tatu. Hakuuliza ninakwenda wapi.

27 Mei
Nilimkuta dada kwenye cherehani, lundo la sare za bluu mpaka kiunoni. Alitaka kuinuka anipikie. Nikamwomba akae. Nikamwambia kwa kifupi, kama nilivyoandika hapo juu: kwamba adui hakupiga kitu asubuhi ile. Kwamba ufunguo ulibaki mezani na niliuona. Kwamba mimi ndiye niliyemtoa kwenye lori, mimi ndiye niliyempa namba ya marehemu, na mimi ndiye niliyebonyeza.

Alikuwa katikati ya mshono. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakanyaga pedali, akaumalizia ule mshono mpaka ukingoni, akakata uzi kwa meno.

"Nani mwingine anajua?"

"Waliokuwepo. Na Kapteni."

"Walikwambia unyamaze?"

"Kapteni aliomba."

"Basi kwa nini umekuja?"

"Kwa sababu tangu afe umeniambia asante mara mbili."

Alinitazama. Namfahamu huyu mtu tangu alipokuwa anabebwa mgongoni, na sikuweza kusoma kitu usoni pake. Nilitaka anipige. Ningefurahi angenipiga.

"Mimi nilikuomba umtoe," akasema. "Hilo ni langu, nitalibeba mimi. La kwako siwezi kukubebea." Akaichukua sare nyingine kwenye lundo, akaiweka chini ya sindano, akaiacha. "Watoto wapo uani. Niliwaambia ni adui. Sitaki waishi na uongo, na sina nguvu ya kuwapa msiba huu mara ya pili. Nenda ukawaambie wewe. Halafu uende zako, kaka. Nitakutafuta mimi nikiweza. Usinitafute."

Nikaenda uani.

Mdogo hakuelewa, au alielewa kwa namna yake. Aliendelea kukoroga tope kwenye kopo. Binti, yule aliyekuwa wa pili darasani, alisimama wima na mikono nyuma kama yuko mbele ya mwalimu. Aliniacha nimalize. Hakulia. Alikuwa ananikagua tu, mikono, kichwa, miguu, anatafuta kitu.

"Na wewe mjomba, uliumia wapi?"

Nikamwambia sikuumia.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nilikuwa mbali."